Swali la Pili kwenye Kadi

Kalamu zilikuwa mbili. Jerioth Mutuku aliliona hilo kabla hajavua koti, akaanza kukasirika papo hapo. Ndivyo alivyokuwa: hasira kwanza, kazi baadaye. Na katika miaka kumi na moja ya kuchunguza mambo ya watu kwa niaba ya mawakili, hasira haikuwahi kumharibia kazi. Aliyeharibikiwa kwa kawaida alikuwa mtu mwingine.

Fomu ya kujiandikisha kupiga kura ilikuwa juu ya meza ya jikoni kwa Florida, nakala ya rangi ambayo wakili wake aliipata asubuhi hiyo ya Jumatatu kwenye ofisi ya uchaguzi hapo Columbus. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, na alama ya vema kwenye kisanduku cha kuthibitisha kwamba mwombaji ni raia wa Marekani, vyote vilikuwa kwa wino mweusi. Sahihi ya chini ilikuwa ya bluu.

"Sahihi hii ni yako, Florida?"

"Ni yangu."

"Na hii vema hapa?"

"Hiyo siijui, dada. Mimi nilisaini tu. Nilijua ni mambo ya kodi."

Florida alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, huko Kasulu, na kwa miaka sita sasa alikuwa akipanga nguo kwenye maboksi katika ghala moja la Columbus. Alhamisi, saa mbili asubuhi, alikuwa na mahojiano ya uraia. Wiki mbili nyuma posta ilimletea kadi ya mpiga kura yenye jina lake, naye, maskini, akaibandika kwenye friji kwa furaha, akidhani serikali imemkubali kabla hata ya kumhoji. Wakili ndiye aliyemfumbua macho. Mtu mwenye kadi ya kijani, ya ukaaji tu, akijiandikisha kupiga kura, amedai uraia asio nao, na hapo hakuna utani. Angeweza kunyimwa uraia. Angeweza pia kunyang'anywa makaratasi yote na kuondolewa nchini, na watoto wake wawili waliozaliwa Columbus wakabaki wakitafutiwa mtu wa kukaa nao.

"Nikiulizwa nikanyamaza?" aliuliza Florida.

"Utaulizwa, na utasema kweli. Kazi yangu ni kujua hiyo kweli ilitokeaje. Hebu nianzie mwanzo. Nani alikuja?"

Alikuja mwanaume mmoja mwezi wa saba, Mkongomani, mpole, mwenye fulana ya kijani na bunda la karatasi. Alimpa kipeperushi. Florida alikuwa bado nacho, kwenye droo ya vijiko. Jerioth alikisoma kwa sauti: PUNGUZA KODI. SAINI LEO. KAMATI YA NYUMBA NAFUU.

"Wee!" alisema Jerioth, akakiweka chini kama mtu aliyeshika kitu chenye mafuta.

Kamati hiyo aliijua. Ilikuwa ya wenye nyumba za kupangisha, na nyumba zao hazikuwa nafuu hata kidogo. Walitaka wapiga kura wa jiji wenyewe, kwa kura ya maoni ya Novemba, wafute ukaguzi wa nyumba za kupanga pamoja na kodi ndogo ambayo mwenye nyumba huilipa jiji kwa ajili ya ukaguzi huo. Ili pendekezo liingie kwenye karatasi ya kura, zilihitajika maelfu ya saini za wapiga kura walioandikishwa. Kipeperushi chao kingine, cha Kiingereza, kilitaja kodi ya jiji tu. Lakini Mswahili akisema kodi, ni ya serikali na ni ya nyumba, neno ni hilo hilo. Ukimgongea mpangaji ukamwambia unapunguza kodi, atakuuliza asaini wapi.

"Januari mtambo wa joto ulipokufa humu ndani," Jerioth aliuliza, "nani alimlazimisha mwenye nyumba alete fundi?"

"Mkaguzi wa jiji. Mama mmoja mnene, Mungu ambariki."

"Basi huyo ndiye uliyesaini aondolewe."

Florida alishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani! Wameniingiza mjini mchana kweupe."

"Wamekuingiza. Sasa, mtu huyo alikuuliza kama wewe ni raia wa Marekani?"

"Hapana."

"Fikiri vizuri."

"Dada Jerioth, angeniuliza ningemwambia bado. Kanisa zima linajua bado. Wananiombea kila Jumapili!"

Jerioth aliitazama fomu tena. Wino mweusi, wino wa bluu. Mwanamke anasaini jambo la kodi, mtu anaondoka na karatasi, halafu mahali fulani, kwenye gari au kwenye hoteli ya bei rahisi, anatia vema mwenyewe kwa kalamu nyingine. Ilikuwa wazi. Mtu wa kampuni iliyokodiwa na kamati kukusanya saini alihitaji saini zinazohesabika. Saini ya mtu ambaye hajaandikishwa haihesabiki. Basi anakuandikisha yeye. Kwenye kitabu cha saini za pendekezo, ambacho nacho wakili alikipatia nakala, mkusanyaji hulazimika kuandika jina lake na mahali anapoishi. Aliandika Kabera, wa Louisville, Kentucky.

"Nimempata mtu wangu," Jerioth alimwambia wakili kwa simu akiwa ngazini. Alikuwa amekosea, ila hakulijua hilo mpaka kesho yake.

Louisville ni mwendo wa saa tatu na nusu kutoka Columbus kama hukusimama, na Jerioth hakusimama. Kabera alikubali kuonana naye kwenye maegesho ya duka la Wakongomani upande wa kusini wa mji, duka la makayabu, samaki wa chumvi, na unga wa muhogo, akitoka zamu ya kupanga vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini hivi, na macho ya usingizi. Jerioth hakumpa nafasi ya salamu ndefu.

"Kaka, nimeendesha tangu alfajiri, kwa hiyo usinizungushe. Nani alitia hii vema?"

Kabera aliinama akaitazama nakala. "Mi," alisema.

"Wewe?"

"Njo mi. Mi nilijaza yote. Jina, adresi, date, na Bic yangu ya noir. Kisha Bic ikakauka, mama akaenda kutwaa yake ya bleu, akasaini. Bon, kosa iko wapi?"

Hivyo ndivyo hoja ya kalamu mbili ilivyokufa, kwa sentensi tatu, mbele ya duka la samaki. Jerioth alijisikia mjinga. Akajaribu njia nyingine.

"Kosa ni kwamba si raia, na wewe umemwandika raia."

"Alisema iko raia."

"Hakusema."

"Alisema, dada! Mbele ya Mungu! Nilimuuliza, akajibu mbio mbio: ndiyo, ndiyo, mimi ni raia. Tena akaniletea maji ya kunywa. Mi siko muongo."

Jerioth alimkazia macho. Alikuwa amewahoji waongo wengi, na waongo hawakumbuki maji. Lakini na Florida hakuwa mwongo. Mmoja aliuliza na mwingine hakuulizwa, katika mlango mmoja, dakika moja. Na siku zilikuwa zimebaki mbili.

"Nataka maneno yenyewe. Ulimuulizaje?"

"Vile balituandikia. Hatukubaliwa kuongeza hata neno." Kabera alifungua gari, akapekua chini ya kiti, akatoa kadi ya plastiki yenye ukubwa wa kiganja. "Kila mutu alipewa yake. Unasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi."

Kadi ilisema:

1. Unaishi hapa?
2. Wewe ni raia    ?
3. Unataka kodi ipungue?
Toleo la 3

Jerioth aliisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Mara ya tatu aliinua miwani akaisogeza kadi karibu na pua. Kwenye swali la kwanza na la tatu alama ya kuuliza ilikuwa imebana neno, kama inavyotakiwa. Kwenye swali la pili ilikuwa imesimama mbali, peke yake, na nafasi tupu katikati.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Mtu amefuta maneno akasahau kuirudisha alama." Alipima ile nafasi kwa ukucha. "Neno moja au mawili. Na kama hili ni toleo la tatu, basi la kwanza na la pili yapo mahali."

"Mi niliona hiyo moja tu."

"Uliwauliza watu wangapi swali hili?"

"Eh! Batu bengi. Ile résidence nzima, na ingine ya pembeni."

"Wangapi walijibu hapana?"

Kabera alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna."

"Hata mmoja? Wakimbizi watupu, wengine wana miezi mitatu hapa, na hakuna hata mmoja aliyesema si raia?"

"Donc dada, na wewe!" Kabera alicheka, akishangaa ujinga wa mtu msomi. "Nani atasema eti yeye hayuko raia? Nani atakubali kwa mulango yake, mbele ya watoto, eti iko soldat?"

Jerioth alibaki ameshika kadi. Yeye alikuwa mtu wa Machakos. Raia alimjua kutoka darasani: raia mwema hulipa ushuru, raia mwema hupiga kura, mtihani ukija unaandika hivyo unapata alama zako. Hakuna aliyewahi kumgongea mlango na kumuuliza kama yeye ni raia au ana bunduki.

"Ngoja hapo," alisema. "Usiende popote."

Alimpigia Florida, ambaye alikuwa kwenye mapumziko ya chakula ghalani. Hapa Jerioth alijizuia. Ukimpa shahidi jibu, umeliua. Akauliza kama mtu anayejaza muda.

"Florida, nisaidie Kiswahili changu cha Kenya. Kinyume cha raia ni nani?"

"Askari," alisema Florida bila kusita. "Au waasi. Kwa nini?"

"Na yule Mkongomani, alikuuliza kama wewe ni raia?"

"Aliuliza, ndiyo. Wewe uliniuliza raia wa Marekani, na Marekani hakuitaja. Nilimwonea huruma. Nikajua bado ana hofu za kwao. Mkongomani akikuuliza kama wewe ni raia, anauliza kitu kimoja tu."

"Lakini wewe unasomea uraia, mama. Kitabu kiko mezani kwako."

"Uraia ni makaratasi. Nausomea kwa Kiingereza, na wala Kiingereza hakisemi raia." Sauti ya Florida ilishuka. "Kambini walikuwa wanakuja kutuchambua, dada. Mnapangwa mstari, afisa anauliza: wewe ni raia? Ukijibu haraka unapita. Kaka yangu Pantaleo alikuwa na kigugumizi. Akachelewa kujibu, wakamweka upande wa pili na wale waliokuwa na silaha, tukakaa miezi minne bila kujua yuko wapi. Tangu hapo mimi hilo swali silifikirii. Najibu."

Jerioth alifunga simu, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alipoinua uso alikuwa amerudi kuwa mpelelezi.

"Nani aliandika kadi hii?"

"Muzee Reginaldi. Murundi, iko Buffalo. Alitusomea hiyo carte kwa vidéo, ile siku ya formation, ya kutufundisha kazi." Kabera aliiona sura ya Jerioth. "Dada, watanifunga?"

"Sijui, kaka, sitakudanganya. Kadi hii naichukua, unaniandikia nyuma kwamba umenipa wewe, na tarehe. Na usitupe kitu chochote, hata fulana."

Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akammwagia maji baridi. Kadi peke yake, alisema, haitoshi. Afisa wa uhamiaji hajui Kiswahili. Akifungua kamusi ataona raia ni raia, na mbele yake yuko mwanamke aliyeulizwa swali jepesi akadanganya. "Nipatie aliyeiandika," wakili alisema. "Aseme neno hilo likiachwa peke yake watu wanalisikiaje, na aseme kwamba walioagiza walilijua hilo. Kwa maandishi, na jina lake."

Kwa hiyo Jumatano saa kumi na mbili asubuhi Jerioth alikuwa barabarani tena, akielekea kaskazini. Mvua ilimsindikiza hadi Cleveland, na upepo wa ziwa ukampokea kuanzia hapo. Alikunywa kahawa mbili na kuwatukana madereva wa malori kwa Kikamba. Saa tano na nusu alikuwa Riverside, Buffalo, kwenye mtaa wa nyumba ndogo za mbao ambako ukitazama kati ya nyumba na nyumba unauona mto Niagara na, ng'ambo yake, Kanada.

Mlango ulifunguliwa na Immaculée, mke wa Reginaldi, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge juu ya suruali ya kazi. Alimkaribisha, akaweka chai. Reginaldi alikuwa anajiandaa kwa zamu ya mchana ghalani Cheektowaga. Alikuwa wa miaka hamsini hivi, amenyoa vizuri, na alizungumza Kiswahili cha kupigwa pasi. Ndiye aliyekuwa akitafsiri kanisani, hospitalini, na popote Mrundi wa Buffalo alipohitaji mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umesema kwenye simu ni mambo ya kadi. Mimi nilitafsiri tu. Mtafsiri ni mfereji, maji si yake."

"Sawa. Naomba basi unifundishe hii." Jerioth aliiweka kadi mezani na kuisukuma kwa kidole mpaka ikasimama karibu na kikombe chake. "Mbona alama ya kuuliza imekimbia?"

Reginaldi hakuigusa. "Mashine ya kuchapa."

"Mashine imeharibu swali la pili tu? La kwanza sawa, la tatu sawa."

"Hutokea."

"Hutokea. Na wewe, mtu wa namna yako, uliyeandika 'toleo' na si 'version', uliona kadi imetoka na tundu katikati ukaiacha hivyo?"

Reginaldi alitazama chai.

"Mzee, sina muda wa kukuheshimu kwa mzunguko. Kuna mama Columbus, Mrundi mwenzako, anaitwa Florida. Aliulizwa swali hili la pili. Akajibu ndiyo. Sasa ameandikishwa kupiga kura na si raia wa nchi hii, na kesho saa mbili asubuhi anakaa mbele ya afisa. Nataka toleo la kwanza."

"Nikikataa?"

"Ukikataa nitakunywa chai yangu niondoke. Sina polisi mfukoni."

Immaculée ndiye aliyesema. "Mwonyeshe, Reginaldi." Akaongeza jambo kwa Kirundi, fupi, na mumewe akasimama akaleta kompyuta.

Toleo la kwanza lilikuwa la mwezi wa sita, na swali la pili lilikuwa refu: Je, wewe ni raia wa Marekani uliyetimiza umri wa kupiga kura? La pili lilikuja wiki moja baadaye: Wewe ni raia wa Marekani? La tatu siku nne baada ya hapo. Jerioth alipiga picha kila ukurasa, pamoja na tarehe zake.

"Kwa nini matatu?"

"Meneja wa kampuni ya saini, Purcell, alinipigia. Alisema watu wanajibu bado, halafu wanafunga mlango. Alitaka swali fupi. Nikafupisha. Wakaendelea kufunga mlango. Akapiga tena, akaniuliza, tukiondoa nchi je? Tukiacha raia peke yake?" Reginaldi alisugua paji la uso. "Nikamweleza. Nikamwambia, bwana, ukiondoa nchi, watu hawa watasikia unawauliza kama ni askari. Watajibu ndiyo wote, hasa ukiwatuma Wakongomani waulize."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, basi tutumie hiyo."

Jerioth aliandika neno kwa neno, na saa.

"Uliwezaje kuwa na hakika watajibu ndiyo wote?"

"Niliwahi kusimama kwenye ule mstari, binti. Mara tatu. Unajibu kabla hujafikiri." Akamtazama kwa mara ya kwanza moja kwa moja. "Ndiyo maana nilijua."

"Yote haya yako kwenye barua pepe?"

"Matoleo yako. Mazungumzo yalikuwa ya simu."

Basi ni mdomo wake tu, Jerioth aliona, na akaona pia bahasha nyeupe ya uhamiaji iliyochomekwa nyuma ya redio, yenye majina mawili. Immaculée aliyafuata macho yake.

"Ni ya mwezi wa pili ujao," alisema Immaculée. "Mahojiano yetu ya uraia. Mimi na yeye. Tumesubiri miaka saba."

"Nikikuandikia tamko," Reginaldi aliuliza, "litanigusa?"

Jerioth angeweza kudanganya. Alikuwa na saa ishirini tu, na kilomita mia tano za kurudi. Aliudhika kwamba swali limekuja kwa adabu namna ile.

"Linaweza," alisema. "Ulisaidia watu wasio raia waandikishwe. Una haki ya kutafuta wakili wako kwanza, na mimi ndiye ninayekwambia utafute."

"Wakili nitampata lini?"

"Labda wiki ijayo."

"Na huyo mama ni kesho." Akasukuma kikombe pembeni. "Wako wangapi kama yeye?"

"Kabera peke yake amemaliza majengo mawili. Wakusanyaji walikuwa wengi."

Immaculée alisema, kwa Kiswahili ili mgeni asikie, "Usikimbilie, baba Anicet. Tuna watoto."

"Sikimbilii."

Jerioth alivuta kompyuta yake, akaanza kuandika tamko, la kutiwa sahihi chini ya adhabu ya sheria. Aliliandika kwa Kiswahili, ili mwenye nalo alisome mwenyewe. Wakili angetafuta tafsiri. Na hapo, yeye aliyejisifu kwa ugumu, alilegea. Aliangalia bahasha nyuma ya redio na vidole vikaandika kwa upole kuliko alivyokusudia. Aliandika kwamba Reginaldi alipewa kazi ya kutafsiri. Kwamba kulikuwa na matoleo matatu. Kwamba katika toleo la tatu maneno "wa Marekani" yaliondolewa. Kwamba neno raia likibaki peke yake, kwa watu waliotoka kambini, humaanisha mtu asiye askari. Akamgeuzia Reginaldi kompyuta alisome.

Reginaldi alivaa miwani, akasoma kwa sauti ndogo, kama anavyosoma kanisani. Alipofika sentensi ya tatu alikoma.

"Yaliondolewa," alisema. "Yaliondolewa na nani?"

"Inatosha hivyo, mzee."

"Wakili wako amesema inatosha?"

Wakili alikuwa amesema kinyume kabisa.

"Afisa atasoma hapa aone maneno yaliondoka yenyewe," Reginaldi alisema. "Atasema ni mashine ya kuchapa. Mama huyo atarudi nyumbani na mashine ya kuchapa." Aliivuta kompyuta karibu naye. Aliandika kwa vidole viwili, polepole, akifuta na kurudia, kisha akaigeuza kompyuta tena ili Jerioth aone.

Sasa ilisomeka: Niliyaondoa mimi, kwa kuagizwa na meneja, nikijua kwamba watu watajibu ndiyo bila kuelewa, na meneja akijua hivyo kwa sababu nilimwambia.

"Hiyo 'nikijua,'" Jerioth alisema, "ndiyo itakayokuumiza."

"Ndiyo Kiswahili cha nilichofanya."

Walikuwa na mashine ya kuchapa pale sebuleni, ndogo, ya watoto ya kazi za shule. Karatasi ilitoka. Reginaldi alisaini kurasa zote mbili, akaandika tarehe, akaongeza namba yake ya simu bila kuombwa, akamkabidhi Jerioth. Immaculée alichukua koti lake na funguo za gari, akasema, bila kumtazama mumewe, kwamba anakwenda kuwachukua watoto shuleni, ingawa ilikuwa saa sita na robo na shule hutoka saa tisa.